Shajara ya msimu: timu ya soka ya chuo, Morogoro, wiki 18

Shajara hii imeandikwa na benchi la ufundi la timu ya chuo kimoja cha kati hapa Morogoro, kwa ajili ya watakaoipokea timu mwakani. Timu ya chuo haikai na watu wake. Mwanafunzi anaingia, anacheza misimu miwili au mitatu, anahitimu, na anaondoka na kila alichofundishwa. Kinachobaki ni uwanja, mipira, jezi na maandishi. Kwa hiyo vipimo vimeandikwa kwa ukamilifu, na makosa pia.

Wiki ya 1: hesabu ya waliobaki

Msimu uliopita ulifungwa na wachezaji 24. Tisa wamehitimu, watatu wako mafunzo kwa vitendo mikoani hadi mwisho wa muhula. Wamebaki 12, na kati yao hakuna beki wa kati hata mmoja.

Kabla ya kupanga zoezi lolote, kalenda ya chuo ilibandikwa ukutani kwenye stoo ya michezo. Wiki ya 9 na 10 ni majaribio ya darasani. Wiki ya 11 mvua za vuli huwa zimekolea. Wiki ya 16 mashindano ya vyuo ya kanda yanaanza. Ukitoa hizo, wiki za kujenga timu kwa utulivu ni saba au nane tu. Ratiba iliyopangwa bila kuangalia kalenda ya masomo huvunjika palepale majaribio yanapoanza, kisha lawama zinaangukia wachezaji kwamba hawana nidhamu.

Wiki ya 1 na 2: uwanja

Kazi hii imekula siku tisa, na imestahili.

Uwanja wetu ni mita 100 kwa 64. Sheria inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, hivyo tuko ndani, lakini upana wa 64 ni mdogo. Hauwezi kuongezwa kwa sababu upande mmoja una mfereji wa maji na mwingine una miembe. Upana huu una athari iliyoonekana baadaye kwenye kona. Soma wiki ya 16.

Milingoti ya magoli ni ya bomba la chuma. Kutu haianzii juu, inaanzia pale bomba linapokutana na udongo, kwa sababu ndipo unyevu unapokaa. Gonga kwa nyundo kuanzia usawa wa goti kushuka chini: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mzito uliokufa. Mlingoti mmoja wa goli la kusini ulitoa mlio huo, na bisibisi ilipenya bila kutumia nguvu. Fundi alikata sentimita 40 za chini na kuchomelea kipande kipya. Shimo lilichimbwa sentimita 60, likajazwa zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Uso wa zege umeachwa sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi na kufunikwa udongo, ili golikipa asiangukie zege. Sehemu ya chuma itakayozikwa ilipakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya kusimamishwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuning'inia wala kufunga nyavu kwa siku saba.

Goli lililolegea linaua. Likianguka mtu akiwa chini yake, mwamba wa juu unampiga kichwani au kifuani. Yale magoli madogo ya kubeba tunayatumia mazoezini, na kila moja linawekewa viroba viwili vya mchanga kwenye bomba la nyuma kabla mpira haujaguswa.

Ukubwa wa goli ni mita 7.32 kati ya milingoti, kwa ndani, na mita 2.44 kutoka ardhini hadi chini ya mwamba. Goli la kaskazini lilisoma mita 2.37. Mlingoti haukuzama: miaka ya kujaza kifusi mbele ya goli imeinua ardhi. Tumekwangua sentimita saba za udongo, na kuuhamishia kwenye mashimo ya katikati. Nyavu zimefungwa kwa vikamba, si kwa ndoano za chuma, maana ndoano hukamata kidole cha golikipa au pete.

Kuchora mistari. Pembe mraba inapatikana kwa kamba ya tatu, nne, tano: pima mita 6 kwenye mstari wa goli, mita 8 kwenye mstari wa pembeni, na umbali kati ya ncha hizo mbili lazima uwe mita 10 kamili. Kisha hakikisha uwanja mzima kwa ulalo. Uwanja wa 100 kwa 64 una ulalo wa mita 118.73. Mara ya kwanza ulalo mmoja ulizidi mwingine kwa karibu mita moja. Sababu ilikuwa kamba ya nailoni, ambayo huvutika ukiikaza. Tulirudia kwa tepu ya mita 50 na tofauti ikashuka hadi sentimita nne. Kamba inafaa kunyooshea mstari, haifai kupimia.

Boksi kubwa linapimwa mita 16.5 kutoka upande wa ndani wa kila mlingoti, na mita 16.5 kuingia uwanjani, hivyo upana wake wote ni mita 40.32. Boksi dogo ni mita 5.5 kwa mtindo uleule, upana mita 18.32. Mstari ni sehemu ya eneo unalolizunguka, kwa hiyo pima hadi ukingo wa nje wa mstari. Nukta ya penati ni mita 11 kutoka ukingo wa nyuma wa mstari wa goli hadi katikati ya nukta. Duara la kati, na ule upinde wa juu ya boksi, vyote vina nusu kipenyo cha mita 9.15. Upinde unachorwa kigingi kikiwa kwenye nukta ya penati. Ukikiweka kwenye mstari wa boksi, ambalo ni kosa la kawaida sana, unapata upinde mkubwa mno.

Jumla ya mistari yote ya uwanja huu ni takriban mita 695. Kwa upana wa sentimita 10 (sheria inataka isizidi 12) ni karibu mita za mraba 70 za kupaka. Tumetumia rangi ya maji, lita 10 za rangi kwa lita 20 za maji, kwa bomba la mgongoni la kupulizia. Bomba liwe halijawahi kubeba dawa ya magugu. Mabaki kidogo tu yanaua nyasi na kukuachia mistari ya udongo mtupu msimu mzima. Chokaa ya ukutani tumeiacha kabisa. Ni kali, ikichanganyika na jasho inaunguza ngozi, na mchezaji akiteleza juu ya mstari akiwa na mchubuko, au ikamwingia jichoni, hilo ni jeraha la hospitali. Wanaoendelea kuitumia kwa sababu ni rahisi wafikirie upya.

Wiki ya 3: kuchuja

Walijitokeza 58. Mechi za saba kwa saba, uwanja wa mita 60 kwa 40, dakika 20, kila mmoja amecheza mara tatu na wenzake tofauti. Watazamaji watatu, kila mmoja na karatasi yake, bila kushauriana hadi mwisho. Karatasi ina safu tatu: pasi ya kwanza anapopokea mpira akiwa amebanwa, anachofanya mara tu baada ya kupoteza mpira, na kama anazungumza na wenzake uwanjani. Chenga hazikupewa safu. Zinaonekana zenyewe, na ndizo zinazowadanganya watazamaji wengi.

Kasoro ya mchujo wa siku mbili: unawapendelea waliokuwa wanacheza likizo. Aliyekaa nyumbani akilima anaonekana mzito, ingawa miguu yake inajua mpira. Ndiyo maana majina nane yaliwekwa pembeni na kuitwa tena baada ya siku 10 za mazoezi. Watatu kati yao wameingia kikosini, mmoja sasa ndiye beki wa kati namba moja.

Golikipa wa pili ametoka uwanja wa kikapu. Mikono yake ni mizuri na haogopi mpira wa juu. Anachokosa ni kusimama: anakaa kwenye mstari mno, na pembe inabaki wazi. Amechorewa alama tatu za rangi mbele ya goli, mita 2, 4 na 6, ajue yuko wapi bila kugeuka nyuma. Alama hizo ni za mazoezini tu.

Kikosi: 26.

Wiki ya 4 hadi 6: pumzi na miguu

Kipimo cha kwanza kilikuwa kukimbia dakika 12 kuzunguka uwanja. Mzunguko mmoja ni mita 328, hivyo mizunguko 7 ni mita 2296 na 8 ni mita 2624. Kila mkimbiaji amepewa mhesabuji wake, kwa sababu anayejihesabu mwenyewe akiwa amechoka hukosea. Koni imara zimewekwa kwenye pembe nne ili asikate kona mtu. Waliopata chini ya mizunguko 7 wamepewa kundi lao la kukimbia mara mbili kwa wiki. Hawakuchanganywa na wengine kwenye mazoezi ya kasi hadi walipofika.

Baada ya hapo mbio tupu zimepunguzwa, pumzi inajengwa na mpira: nne kwa nne, mita 30 kwa 20, dakika 4 mara nne, mapumziko dakika 3. Mipira mingine minane inakaa pembeni ili mmoja ukitoka mwingine uingie papo hapo. Wiki ya kwanza mapumziko yalipunguzwa hadi dakika moja na nusu kwa kudhani yanapoteza muda. Matokeo yake raundi ya tatu na ya nne watu walikuwa wanatembea. Zoezi la kasi likifanywa na mtu aliyechoka linageuka zoezi la uvivu.

Kupasha misuli tunafuata mpango wa FIFA 11+. Una mazoezi 15 kwa sehemu tatu: kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Siku ya mechi sehemu ya katikati inaachwa. Mpango huu unaharibika unapofanywa kama gwaride. Mtu anaruka, anatua, hakuna anayemwangalia. Cha kuangalia ni goti. Likiangukia ndani wakati wa kutua, yaani likielekea goti la pili badala ya kubaki juu ya kidole cha mguu, mishipa ya goti inabeba mzigo isiouweza. Tumewapanga wawili wawili, mmoja anafanya, mwenzake anasimama mbele na kutazama magoti tu. Anayesahihishwa anarudia mara mbili.

Mzigo wa mazoezi unaandikwa kwenye daftari. Nusu saa baada ya zoezi kila mchezaji anataja namba kutoka 0 hadi 10, zoezi lilikuwa gumu kiasi gani kwake. Namba inazidishwa kwa dakika. Zoezi la dakika 90 lililopewa 6 ni 540. Jumlisha za wiki. Kinachovunja watu si namba kubwa, ni kuruka ghafla kutoka ndogo kwenda kubwa.

Wiki ya 7: ndondo

Wachezaji wawili wamepata maumivu ya msuli wa nyuma ya paja ndani ya siku nane, wote Jumatatu, wote kwenye kukimbia kwa kasi ya kawaida. Daftari lilionyesha mzigo wa wiki hizo ni wa chini. Haikueleweka mpaka walipoulizwa kwa upole: Jumapili walicheza ndondo mtaani, dakika 90, uwanja mgumu wa mchangani. Kwa ugumu wa 8 hiyo ni 720 ambayo haikuandikwa popote, kisha Jumatatu wakapigishwa mbio kama watu waliopumzika.

Kupiga marufuku ndondo hakufai. Kule mchezaji anapata nauli, soda, na wakati mwingine fedha ya sabuni, na ukimkataza ataendelea kwenda kwa siri. Siri ndiyo inayoumiza. Utaratibu mpya: aliyecheza Jumapili anasema, anaandikwa, na Jumatatu anafanya kunyoosha viungo na pasi fupi tu. Hakuna adhabu kwa aliyesema. Wiki iliyofuata wamejitaja saba. Saba katika 26 ni zaidi ya robo ya timu iliyokuwa inafanyishwa mazoezi ya mtu mwingine.

Kwa msuli wa nyuma ya paja tumeongeza zoezi la kupiga magoti. Mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unaegemea mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi bega, unajizuia kadiri uwezavyo, kisha unatua kwa mikono. Anza na mara 5 kwa raundi mbili, mara moja kwa wiki, ndipo uongeze. Siku mbili za kwanza msuli unauma sana. Ndiyo maana lisifanywe siku mbili kabla ya mechi, na aliyelifanya mara 15 siku ya kwanza kwa ushujaa hatafanya kitu hadi Alhamisi.

Wiki ya 8: mipira na njumu

Mipira 14, minne imekufa. Miwili kati ya hiyo minne imeuawa na sindano kavu. Sindano ikiingizwa bila kulowekwa inachana mpira laini wa ndani ya vali, na kuanzia hapo hewa inavuja kila usiku. Tone la maji au mafuta ya kupikia linatosha. Ingiza wima huku ukizungusha taratibu, usisukume kwa nguvu. Mpira namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na shinikizo la anga 0.6 hadi 1.1. Tunajaza 0.8. Mazoezi yakiisha mipira haikai juani. Hewa ndani inatanuka na mishono inafunguka.

Njumu za mtumba ndizo zinavaliwa na wengi. Kabla ya kununua, kunja soli kwa mikono miwili katikati. Ikitoa ufa mweupe au unga kwenye maungio, acha, hata kama juu inang'aa: imekaa miaka kwenye marobota na gundi imeshaoza, itabanduka mechi ya pili. Iliyo nzima ipelekwe kwa fundi viatu ikashonwe kwa uzi wa nailoni kuzunguka soli yote. Gundi peke yake haihimili matope.

Wiki ya 9 na 10: majaribio

Mazoezi mawili kwa wiki badala ya manne, dakika 50 kila moja, lakini kasi ileile. Pumzi hudumu wiki kadhaa ukipunguza siku, mradi ukali wa zoezi usishuke. Ukibakiza siku nne za kukimbia mwendo wa pole, unapoteza vyote viwili, muda wa kusoma na pumzi. Saa 12 asubuhi imefaa kuliko jioni, kwa sababu jioni kuna vikundi vya kujisomea.

Wiki ya 11: mvua

Uwanja umefungwa siku tano. Kucheza juu ya udongo uliolowa mbele ya goli dakika 60 tu kunaharibu kazi ya mwezi. Kipimo: kanyaga kwa kisigino, ondoa mguu, na maji yakijaa kwenye alama hakuna mpira siku hiyo.

Siku hizo zimetumika darasani kwa sheria. Iliyowashtua wengi ni ya golikipa, iliyoanza kutumika msimu wa 2025/26: akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Sekunde tano za mwisho mwamuzi anahesabu kwa vidole akiwa amenyoosha mkono juu. Kona inapigwa upande ulio karibu na aliposimama golikipa. Magolikipa wetu wamezoea kulala na mpira timu ikiongoza. Sasa kila zoezi mabeki wanahesabu kwa sauti, na mpira lazima uwe umetoka kwenye "sita".

Mengine yaliyokuwa yanakosewa: hakuna kuotea kwenye mpira wa goli (goli kiki), mpira wa kurusha na kona. Kwenye mpira wa goli mwenzako anaweza kupokea ndani ya boksi, lakini wapinzani wakae nje hadi upigwe. Ukuta ukiwa na watu watatu au zaidi, mshambuliaji asimame angalau mita moja kutoka kwenye ukuta.

Wiki ya 12 na 13: mipira ya kutenga

Hapa ndipo timu ya chuo inapata faida kubwa kwa muda mdogo. Kuzoeana kwa viungo na washambuliaji kunataka miaka ambayo hatuna. Kona inafundishika ndani ya wiki mbili, na ikiandikwa inarithiwa.

Kona tatu tu zimefundishwa. Ya kwanza, "Mlango": mpigaji anaukunja mpira kuelekea golini ufike kwenye pembe ya karibu ya boksi dogo, usawa wa kichwa. Mkimbiaji mmoja anaanzia nukta ya penati, anaondoka mpigaji anapoinua mkono kisha kuushusha, si anapopiga. Kazi yake ni kuugusa upite nyuma. Wawili wanafika mlingoti wa mbali, wa kwanza akiwa ndani ya boksi dogo, wa pili hatua mbili nyuma yake. Mmoja anasimama mbele ya golikipa bila kumgusa. Wawili wanabaki ukingoni mwa boksi, wawili nyuma kwenye nusu yetu. Inaharibika pale mkimbiaji anapoondoka mapema. Akifika na kusimama, beki anamfunika. Awe bado anakimbia mpira unapomfikia.

Ya pili, "Dirisha": mpira mrefu wa mlingoti wa mbali. Ya tatu, "Uani": pasi fupi. Wapinzani wanatakiwa wawe mita 9.15 kutoka upinde wa kona, kwa hiyo mnakuwa wawili dhidi ya mmoja kila mara mpinzani anapotuma mtu mmoja tu. Akituma wawili, acha, piga "Mlango".

Kila moja imepigwa mara 10 kila zoezi, mwishoni, watu wakiwa wamechoka, kwa sababu kona za mechi zinapigwa na waliochoka.

Wiki ya 14: usajili

Mashindano ya vyuo yanaumwa na mamluki, wachezaji wasio wanafunzi wanaovalishwa jezi ya chuo. Kamati zimekuwa kali, na ni sawa kabisa. Timu inayoleta mamluki inamnyang'anya nafasi mwanafunzi aliyeamka saa 12 asubuhi wiki 13 mfululizo. Ila ukali huo unawakata pia wanafunzi halali wenye karatasi mbovu. Kwetu majina manne yalitofautiana kati ya kitambulisho cha chuo na cheti cha kidato cha nne: herufi moja, au jina la kati kukosekana. Wawili hawakuonekana kwenye orodha ya wanafunzi wa muhula kwa sababu usajili wao haukukamilika hadi ada ilipwe.

Anza kukagua wiki tatu kabla, si wiki moja. Kila mchezaji awe na bahasha yake: nakala ya kitambulisho, nakala ya cheti, picha mbili, fomu ya afya. Orodha ya timu isainiwe na mkuu wa chuo na kupigwa muhuri kila ukurasa. Tengeneza nakala mbili, moja ya kamati, moja ya begi la meneja.

Wiki ya 15: mechi mbili za kirafiki

Tumetoka sare ya 1–1 na kufungwa 2–0. Mabao yote mawili ya mechi ya pili yametokana na beki wa kushoto kupanda na kiungo mkabaji kutofunika nafasi yake. Hilo limerekebishwa kwa kanuni moja: namba tatu akivuka mstari wa kati, namba sita anashuka kushoto, bila kuitwa.

Mmoja ameteguka kifundo cha mguu. Kabla ya kusema "ni mteguko tu", angalia mawili. Je, anaweza kutembea hatua nne mwenyewe? Je, ukibonyeza mfupa wa kifundo upande wa nyuma, nje na ndani, anaumia pale kwenye mfupa wenyewe? Akishindwa hatua nne au mfupa ukiuma, ni hospitali kwa picha. Huyu alitembea, mfupa haukuuma. Barafu ilifungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, mguu ukafungwa bendeji na kuinuliwa. Kusugua kwa dawa ya moto siku ya kwanza kumekatazwa: kunaongeza uvimbe.

Aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili yoyote, kizunguzungu, kusahau, macho kupotea, hatarudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa.

Wiki ya 16 na 17: mashindano

Mechi zinaanza saa 10 jioni. Bwalo hutoa chakula saa 7 hadi saa 8 mchana, na hilo limechelewa. Tumeomba jikoni watoe saa 6: wali na mboga, ndizi, nyama kidogo, maharage yakiepukwa tangu usiku uliotangulia kwa sababu ya gesi. Shukrani kwa akina mama wa jikoni, wamewasha moto mapema siku zote za mechi.

Jua la saa 10 bado kali. Wachezaji sita wamepimwa uzito kabla na baada ya mechi ya kwanza, na kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Maji ya chumvi na sukari yanachanganywa hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi wanatapika, kwa hiyo kijiko kisawazishwe kwa kisu. Kanuni za mashindano zikiruhusu, mwamuzi anaweza kutoa mapumziko ya maji yasiyozidi dakika moja, au ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika 3. Nahodha aombe kabla ya mechi, si katikati.

Mechi ya kwanza tumefungwa 1–0, na kona zetu zote saba zilimfikia beki wa kwanza. Mpigaji alilaumiwa kwa uchovu. Haikuwa hivyo. Uwanja ule una upana wa mita 70. Kwetu, wenye 64, kutoka kona hadi mlingoti wa karibu ni mita 28.3. Kule ni mita 31.3. Mguu uliozoeshwa wiki mbili kufikisha mita 28 ulifanya hasa ulichofundishwa, na mpira ukafa mita tatu kabla. Jioni ile mpigaji alipiga mipira 30 kutoka mita tatu nje ya mstari wa pembeni wa uwanja wetu, bila mtu yeyote kukimbia, akitafuta urefu tu.

Mechi ya pili 1–1, bao la "Mlango" dakika za mwisho. Mechi ya tatu tumeshinda 2–1, moja la "Uani". Tumemaliza wa pili kwenye kundi, na nusu fainali tumetolewa kwa penati baada ya sare tasa. Penati tatu kati ya tano zilipigwa na watu ambao hawakuwahi kupiga mazoezini wakiwa wametembea peke yao kutoka katikati ya uwanja. Mwakani zifanyiwe mazoezi kwa kutembea huko, si kwa foleni kwenye boksi.

Wiki ya 18: kukabidhi

Mbele ya magoli yote mawili udongo umechimbwa sentimita 10, ukachanganywa na mchanga na samadi iliyooza, ukarudishwa na kupandwa vipande vya nyasi kutoka nyuma ya goli. Mchanga mtupu haushiki mizizi, usiutumie peke yake. Eneo limezungushiwa kamba kwa wiki sita.

Stoo: mipira 10 mizima, jezi 22 (namba 14 haipo), koni 36, viroba vinne, bomba la kupulizia limeandikwa RANGI TU kwa wino usiofutika. Wanaohitimu ni wanane, akiwemo mpigaji wa kona. Wawili wa mwaka wa kwanza wameanza kupiga "Mlango" mara 10 kila zoezi, mara tano kwenye kibendera na mara tano kutoka kwenye alama ya rangi iliyowekwa mita tatu nje ya mstari wa pembeni.